Kuku, sungura na miguu inayolegea



Mimi ni mutu wa udongo na mimea, si munganga. Lakini huku Kamina, ukiwa na lisansi ya agronomia, watu wanakuletea kila swali: viwavi ku mahindi, kuku anayekufa, hata mtoto anayeugua.

Mwaka uliopita mtoto wa jirani, wa miaka saba, alihara siku chache, akapona. Wiki mbili kisha, asubuhi moja, akashindwa kusimama. Siku ya tatu mikono nayo ikalegea. Pale ku parseli wengine wakasema: "Ni poliyo." Mama mumoja akanong'ona: "Balimuloga uyu mutoto." Siku mbili zikapotea katika mabishano hayo.

Waliosema poliyo walikuwa na sababu. Haut-Lomami yetu ilipata mlipuko wake mwaka 2017. Vilikuwa virusi vya aina ya 2, vilivyotoka katika chanjo ya matone na kubadilika vikizunguka mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaolegeza viungo namna hiyo: Guillain-Barré, jina la waganga wawili Wafaransa walioueleza mwaka 1916 pamoja na mwenzao Strohl.

Tofauti iko wapi? Ku poliyo, virusi vyenyewe vinaua seli za neva ndani ya uti wa mgongo. Ku Guillain-Barré, anayepiga neva ni ulinzi wa mwili wetu wenyewe. Tulijuaje? Hapa ndipo wanyama wanaingia.

Mwaka 1955, kule Marekani, Waksman na Adams waliwadunga sungura dawa iliyotengenezwa na vipande vya neva. Kisha siku kadhaa, sungura wakalegea. Njo kusema mwili unaweza kufundishwa kushambulia neva zake. Lakini nani anawafundisha watu, hakuna anayewadunga neva?

Jibu moja lilitoka ku tumbo. Wagonjwa wengi walikuwa wameharishwa na mikrobe iitwayo Campylobacter jejuni. Sisi wafugaji tunaijua: inakaa ndani ya matumbo ya kuku, na mara nyingi kuku mwenyewe haonyeshi kitu. Mwaka 1996 watafiti wa China waliwalisha kuku mikrobe iliyotoka kwa mgonjwa wa Guillain-Barré. Baadhi ya kuku wakapooza, na neva zao zikaonekana zimeharibika.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Japani, kwa Yuki na wenzake. Ngozi ya mikrobe ile ina sukari inayofanana sana na sukari moja iliyo juu ya neva zetu, inayoitwa GM1. Mwaka 2001 waliwadunga sungura GM1, wakalegea. Mwaka 2004 wakatumia sukari ya mikrobe yenyewe, sungura wakalegea pia. Ndani ya damu yao kulikuwa kingamwili zinazoshika GM1. Ni kama mlinzi aliyeambiwa amkamate mwizi mwenye shati jekundu: akimaliza na mwizi, anamkamata na mtoto wa nyumba, kwa sababu shati ni lile lile.

Musiogope kuku sasa. Kati ya watu wanaoharishwa na mikrobe hiyo, ni karibu 1 kati ya 1000 tu anayefika huko. Pikeni nyama mpaka iive hadi ndani, munawe mikono kisha kushika kuku mbichi, basi.

Lakini sungura wale wanatufundisha jambo kubwa: kama adui ni kingamwili, hakuna wa kumshitaki ku mtaa. Ku hospitali zenye uwezo, wanasafisha maji ya damu au wanatia kingamwili za watu wengine. Ni ghali sana, na kwetu ni shida kuzipata. Hata hivyo, wengi wanapona polepole wakitunzwa vizuri. Kinachoua haraka ni pumzi: ulegevu ukipanda mpaka kifuani, mgonjwa anahitaji mashine.

Kwa hiyo, mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea ghafla, mupeleke siku ile ile. Mukiona anashindwa kumeza, sauti inapungua, au anahema kwa shida, ni hatari. Na muite reko wa mtaa: kinyesi kinachukuliwa mara mbili, kwa nafasi ya saa 24 angalau, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze. Kwa jicho tu hakuna anayeweza kusema kama ni poliyo ama si poliyo. Ni laboratwari.

Mtoto wa jirani alifika kwa bahati kabla pumzi haijaguswa. Majibu yalisema hakuna poliyo. Leo anatembea, anachoka haraka, lakini anatembea. Mama yule aliyenong'ona njo anamubebea maji ya kuoga.

Siku mbili zile, bandugu, tusizipoteze tena. Wenye kazi ya uganga kati yetu, mutusahihishe hapa chini.