Mwendo wa Sauti Ndani ya Kisima: Jinsi Miamba ya Mlima Kenya Inavyopimwa kwa Mawimbi

Miamba iliyo chini ya Nyeri, Karatina, Naro Moru na Nanyuki ni rundo la matabaka yaliyolundikwa na volkeno mbili jirani, ile ya safu ya Nyandarua upande wa magharibi, ambayo ni kongwe zaidi, na ile ya Mlima Kenya, ambayo ilimwaga sehemu kubwa ya lava yake takriban kati ya miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Baina ya mmwagiko mmoja na mwingine ulipita muda mrefu wa utulivu, ambapo uso wa lava ulichakaa kwa jua na mvua, udongo ukajijenga juu yake, vijito vikaleta mchanga na changarawe, kisha lava mpya ikaja na kuvifukia vyote hivyo. Nyuso hizo za kale zilizofukiwa, pamoja na nyufa za lava yenyewe, ndizo zinazohifadhi na kupitisha maji ya ardhini, ilhali kiini cha kila mtiririko, ambacho mara nyingi ni fonolaiti au basalti ngumu isiyo na ufa, hupitisha maji kidogo mno. Hii ndiyo sababu katika eneo la Kieni, ambalo liko kwenye kivuli cha mvua kati ya mlima na Nyandarua, kisima kimoja hububujika na cha jirani yake kikatoka kikavu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kibali cha kuchimba kisima kirefu hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ombi la kibali huambatanishwa na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini. Upimaji uliozoeleka katika ripoti hizo ni wa umeme: mkondo hupitishwa ardhini kwa vijiti vilivyochomekwa juu, na ukinzani wa matabaka yaliyo chini hukadiriwa. Njia hiyo ni nafuu na inafaa kwa kuteua mahali pa kuchimba, lakini picha yake hufifia kadiri kina kinavyoongezeka, kiasi kwamba tabaka la changarawe lenye unene wa mita mbili, lililofukiwa mita 150 chini ya lava, halionekani kabisa kwenye vipimo. Tabaka kama hilo huonekana pale tu chombo kinaposhushwa ndani ya kisima chenyewe na kupita mbele yake.

Miongoni mwa vyombo vinavyoshushwa hivyo, kile kinachotumia sauti kina historia ndefu. Katikati ya miaka ya 1930 Mfaransa Conrad Schlumberger aliombea hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, njia ya kupima mwendo wa sauti katika miamba iliyozunguka kisima, na katika miaka ya 1950 makampuni ya mafuta yakaanza kuitumia kwa wingi. Visima vya mafuta vya Turkana, ambako ugunduzi wa Ngamia-1 ulitangazwa mwaka 2012, ni vya fani ambayo kipimo cha sauti ni jambo la kawaida. Visima vya maji vya Nyeri na Laikipia bado ni vya fani ambayo kipimo hicho huhesabiwa kuwa anasa, na hesabu hiyo, kama itakavyoonekana, ina kasoro.

Chombo chenyewe ni mrija mwembamba wa chuma wenye urefu wa mita chache, unaoning'inia kwenye kebo na kushushwa hadi chini ya kisima, kisha vipimo huchukuliwa wakati unapovutwa juu polepole, kwa kuwa kebo iliyokazwa ndiyo inayotoa kina cha kuaminika. Ndani yake mna kitoa mlio, ambacho hutuma mpigo mfupi wa sauti mara kwa mara, na vipokezi viwili au zaidi vilivyopangwa juu yake kwa umbali unaojulikana. Mpigo hupita kwanza katika maji yaliyomo kisimani, ukaingia katika ukuta wa mwamba, ukasafiri sambamba na kisima, kisha ukarudi tena kupitia maji hadi kwenye vipokezi. Hapo ndipo panapoonekana busara ya kuwa na vipokezi viwili: muda uliotumika ndani ya maji ni uleule kwa vyote, kwa hiyo muda wa kipokezi cha karibu ukitolewa kutoka kwa ule wa kipokezi cha mbali, kinachobaki ni muda wa mwamba peke yake.

Vipokezi vikiwa vimeachana kwa sentimita 30, sauti inayokwenda mita 6,000 kwa sekunde katika basalti isiyo na dosari huikata nafasi hiyo kwa mikrosekunde 50, mikrosekunde ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Katika tufu, yaani majivu ya volkeno yaliyogandamana kuwa jiwe laini, mwendo unaweza kushuka hadi mita 2,000 kwa sekunde na muda ukafika mikrosekunde 150. Maji matupu, ambayo sauti hupita ndani yake kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, yangehitaji 200. Kanuni ni ileile anayoitumia fundi wa mawe anapogonga jiwe kwa nyundo na kutega sikio kabla ya kulichonga, isipokuwa sikio la chombo huandika tofauti ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzitambua.

Kutokana na namba hizo, mwaka 1956 mtafiti Wyllie na wenzake walipendekeza hesabu nyepesi ya kukadiria kiasi cha vitundu ndani ya mwamba: muda uliopimwa huchukuliwa kuwa jumla ya muda wa sehemu ya jiwe na muda wa sehemu ya maji yaliyojaza vitundu, kila mmoja kwa uwiano wake. Mwamba ambao jiwe lake lingechukua mikrosekunde 50, na ambao umepimwa ukachukua 80, umezidi kwa 30 katika nafasi ya 150 iliyopo kati ya jiwe tupu na maji matupu, kwa hiyo vitundu vyake ni asilimia 20 ya ujazo wote. Kwenye mawe ya mchanga, ambayo chembe zake zimepangana kwa usawa, hesabu hii hutoa majibu mazuri.

Kwenye lava ya Mlima Kenya inapasa kutumiwa kwa hadhari kubwa. Lava inapopoa, gesi iliyomo hunaswa na kuacha vipovu, na basalti ya sehemu ya juu ya mtiririko huweza kujaa vipovu hivyo bila hata kimoja kuunganika na kingine. Chombo kikipita mbele ya mwamba wa namna hiyo, wimbi la kwanza huzunguka vipovu kwa kupitia jiwe gumu lililo kati yake na kufika mapema kuliko inavyotarajiwa, hivyo hesabu hupunguza kiasi cha vitundu. Na hata pale ambapo kiasi kimekadiriwa vema, vipovu vilivyojitenga havitoi tone la maji kwenye pampu. Kinyume chake, ufa mmoja wenye upana wa milimita chache, ambao hauongezi chochote cha maana katika hesabu ya vitundu, unaweza kulisha kisima kizima. Mwendo wa wimbi la kwanza, ukichukuliwa peke yake, hautoshi kumwambia mtu yeyote wa Kieni kama chini yake kuna maji.

Dawa yake ni kurekodi mlio wote, tangu mwanzo hadi unapozimika, badala ya kuandika tu saa ya wimbi la kwanza. Katika mlio huo, nyuma ya wimbi la mgandamizo, ambalo husukuma chembe za mwamba mbele na nyuma kuelekea linakokwenda, hufuata wimbi la mkingamo, ambalo huzitikisa chembe kiupandeupande na ambalo haliwezi kupita ndani ya maji kwa sababu maji hayana ukakamavu wa kurudisha umbo. Baadaye huja wimbi la Stoneley, lililopewa jina la Mwingereza Robert Stoneley aliyeyaeleza mwaka 1924 mawimbi yanayosafiri kwenye mpaka wa vitu viwili. Wimbi hili hutembea pale ambapo maji ya kisima yanagusana na ukuta, na kila linapokuta ufa ulio wazi, sehemu ya shinikizo lake husukuma maji kuingia ndani ya ufa huo, nguvu yake ikapungua na sehemu nyingine ikarudi lilikotoka. Mahali linapodhoofika ghafla ni mahali ambapo mwamba unapitisha maji. Kwa mchimbaji wa kisima, taarifa hiyo ina thamani kuliko namba zote zilizotangulia.

Kipimo kingine cha jamii hiyo, kilichoelezwa na watafiti wa kampuni ya mafuta ya Mobil mwaka 1969, hutumia mlio mkali wa masafa ya juu unaozungushwa ili kuuchora ukuta wa kisima pande zote, na juu ya picha yake nyufa huonekana zilivyo, pamoja na upande zinakoinamia.

Wahandisi wa mabwawa nao wana haja yao katika mawimbi haya. Mwendo wa mgandamizo na wa mkingamo, ukiunganishwa na msongamano wa mwamba, hutoa moduli ya Young, yaani kipimo cha ugumu wa mwamba dhidi ya kubonyea unapobeba mzigo. Katika mteremko wa kusini wa mlima, ambako Bwawa la Thiba lenye kimo cha mita 40 hivi lilizinduliwa mwaka 2022 ili kunyweshea mashamba ya mpunga ya Mwea, misingi hukaa juu ya miamba ambayo ugumu wake hubadilika kutoka lava hadi majivu ndani ya mita chache. Tufu laini huleta tatizo lake: wimbi la mkingamo likienda polepole kuliko sauti ndani ya maji, chombo cha kawaida hakilipati, na hulazimu kutumia chombo kinachousukuma ukuta kwa upande mmoja tu.

Masharti ya kazi yenyewe ni mawili. La kwanza ni kwamba kisima kiwe na maji, kwani juu ya usawa wa maji mlio haufiki kwenye ukuta. La pili ni kwamba kuta ziwe wazi. Mabomba ya kukinga kuta, ambayo wachimbaji huyaita kesingi, hushushwa mara nyingi punde baada ya kina kufikiwa, kwa sababu rigi hulipiwa na mteja anasubiri, na kesingi ya chuma ikishakaa, sauti inayofika kwanza huwa ni ya chuma, si ya mwamba. Zaidi ya hayo, sehemu zenye matundu ya kuingizia maji huwa zimepangwa kwa kukisia kutokana na vumbi la mawe lililotoka wakati wa kuchimba, hali ambayo saa chache za kupima zingeiondoa.

Wataalamu hawako mbali, kwani Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko Nyeri, kina taasisi ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi, fani ambayo upimaji ndani ya visima ni sehemu ya kazi yake. Anayegharamia kisima kirefu, iwe ni serikali ya kaunti, kampuni ya maji, chama cha ushirika au parokia, aliweke sharti hilo katika mkataba kabla rigi haijawasili: kesingi isishushwe mpaka kisima kipimwe kwa sauti, na nakala ya rekodi iambatanishwe na ripoti ya kukamilika kwa kisima.