Nyanyangu wa Frere Town: jinsi ya kuutafuta ukoo uliofichwa



Miezi miwili iliyopita nilipata ujumbe kwenye simu kutoka Texas, Marekani. Aliyeuandika ni msichana wa miaka ishirini na kitu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alisema babu wa babake alizaliwa Frere Town, hapa Kisauni, katika familia ya wakulima, na alikuwa na dada mmoja tu. Dada huyo aliolewa na Muislamu, akasilimu na kubadilisha jina. Kisha akauliza: "Anko, huyo dada si nyanya yako?"

Nilikaa siku mbili bila kujibu. Si kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana. Kwetu hilo ni jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema.

Kwa wale wanaopita Kengeleni kila siku na matatu bila kuuliza jina lile limetoka wapi, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Mmoja wa waliosukuma jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi yenye watumwa, na watu wale walihitaji mahali pa kuwekwa. Basi mwaka 1875 wamishonari wa CMS, wakiongozwa na William Salter Price, walianzisha kijiji huku ng'ambo ya Kisauni wakakiita kwa jina la Frere. Kila familia ilipata nyumba na kipande cha shamba. Kengele ilipigwa kuwaonya watu inapokuja hatari, kwa sababu wenye watumwa mjini hawakufurahishwa na kijiji kile. Mnara wake upo mpaka leo.

Hapa lazima tuwe wakweli. Wenye watumwa wale walikuwa na majina kama langu, na waliswali misikiti tunayoswali. Utumwa katika pwani yetu haukufutwa kisheria mpaka 1907. Ndiyo maana nyanya zetu walinyamaza. Aliyeolewa kutoka Frere Town kuja kwa Waislamu wa Kisauni au Likoni aliona ni heri asiulizwe babu yake alishuka jahazi gani. Watoto wakaambiwa, "Nyinyi ni watu wa hapa," na maneno yakaisha.

Sasa, mtu akitaka kufuata ukoo wa namna hii, aanzie wapi?

Wengi siku hizi wanakimbilia kipimo cha DNA, kama alivyofanya huyu binti. Unatema mate kwenye kichupa, unalipa, unangoja. Jibu lake lilikuja na eneo pana, mashariki na kusini mwa Afrika. Halikumpa kijiji wala jina la mtu. Kipimo kinaweza kukuonyesha kuwa fulani ni ndugu yako, lakini hakikuambii mlikutana kwa nani.

Kikwazo cha kwanza ni majina. Mtu mmoja wa Frere Town angeweza kuwa na jina alilopewa na mamake, jina alilopewa na bwana aliyemnunua, na jina la ubatizo. Chukua William Jones, aliyetumikia misheni ya Rabai na Frere Town. Kwa jina utadhani ni Mzungu, kumbe ni Myao aliyetekwa utotoni, akafikishwa India na kusomeshwa huko. Yeye na mwenzake Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington. Atakayetafuta ukoo wa Jones kwa kufuata jina ataishia Uingereza, na huko hana ndugu. Binti wa ukoo kama huo akisilimu, jina linageuka tena, na kwa vile sisi tunaitana "bin" na "binti", kila kizazi kinabadilisha jina la mwisho. Baada ya vizazi vitatu ndugu wawili wa damu wanapita Kongowea bila kujuana.

Kikwazo cha pili ni kwamba tunahesabu upande wa baba tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya mabaki ya watu 80 kutoka miji ya kale ya pwani na bara yake, Mtwapa ikiwemo. Kwa wengi wao, asili ya kiume ilitoka Asia, hasa Uajemi, na ile ya kike karibu yote ilitoka Afrika. Tunaojisifu kwa Ushirazi hatukudanganya, lakini tulisoma nusu ya ukurasa. Ukitafuta ukoo pwani, uliza kwanza: mamake ni nani, na mamake mama ni nani?

Karatasi zipo, wala si siri. Makanisa ya zamani ya Frere Town na Rabai yaliandika ubatizo na ndoa. Makaratasi ya CMS yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Nairobi kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ofisi ya ardhi Mombasa inafaa pia, kwani sheria ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba pwani aje adai haki yake, na madai yakaandikwa. Kama bibi huyo aliolewa kwa Waislamu, uliza kwa Kadhi kuhusu ndoa na mirathi. Mirathi hasa, kwa sababu hapo hata binti hutajwa kwa jina.

Lakini karatasi bila mdomo wa mtu ni bubu. Tazameni ukoo wa Mbotela. Mwaka 1934 James Mbotela alichapisha kitabu Uhuru wa Watumwa, akieleza jinsi wazee wake walivyotekwa na wakaishia Frere Town. Kwa kuwa yeye hakuona haya, ukoo huo leo unajulikana. Humo alitoka Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, ambaye mtaa wa Mbotela unabeba jina lake. Humo pia alitoka mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025 na ambaye sauti yake tulilelewa nayo. Familia ngapi za Kisauni zina habari kama hiyo na zimeifungia sandukuni?

Nilimwendea mamangu, ambaye nyanyangu huyo ndiye mamake. Mara ya kwanza alinambia, "Mambo ya kale ya nini?" Mara ya pili alinyamaza. Nikamkumbusha habari ya Zayd bin Haritha, aliyetekwa akauzwa, akaachwa huru na Mtume wetu (s.a.w.), na watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad. Qur'ani katika Surat al-Ahzab ikaagiza watu waitwe kwa baba zao. Zayd alikuwa ameuzwa sokoni, na hilo halikumpunguzia kitu. Aibu ni ya aliyeuza.

Mara ya tatu nilimwonyesha picha ya yule binti. Aliitazama kwa muda, akasema, "Hilo paji la uso ni la mjomba." Halafu bila kuulizwa akataja jina la mzee wa kwanza, lile la kwao, ambalo nyanya alikuwa akilitaja anapoapa. Sikuwahi kulisikia katika miaka yangu arobaini na kitu. Alisema pia shamba lao lilikuwa na miembe mitatu, na kwamba mjomba alipokufa walikwenda kuzika usiku ili majirani wasiulize.

Jina silichapishi hapa, ni amana ya familia. Nilimtumia binti usiku ule ule, nikamwambia asiniite anko tena, aniite ami, kwa sababu babake na mimi ni ndugu. Anataka kuja mwakani kumwona mamangu. Mama amekwisha kuuliza kama anakula samaki.

Wewe msomaji, mzee wenu aliyebaki ana miaka mingapi? Usimuulize "sisi ni kabila gani?" Muulize ni nani walikuja kwenye maziko ya nyanyake, na nani walikatazwa kuja. Nenda wiki hii, Inshaallah. Karatasi za Birmingham zitangoja. Yeye hatangoja.