Mchezo Usiochezeka Kimyakimya

Walimu wengi wa Kiingereza wa madarasa ya chini wameshaambiwa kwenye semina kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Wanarudi shuleni, wanachezesha, darasa linachangamka, na muhula unaisha mtoto bado hawezi kumwomba mwenzake kalamu kwa Kiingereza. Mara nyingi kosa si la mtoto wala la mwalimu. Liko kwenye mchezo wenyewe: unaweza kuchezwa hadi mshindi akapatikana, na asiwepo mtoto hata mmoja aliyelazimika kusema kitu ambacho mwenzake hakukijua.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Kwa mtaala ulioanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2024, Kiingereza kinaanza kufundishwa darasa la kwanza, wakati zamani shule za serikali zilisubiri hadi darasa la tatu. Mtoto wa miaka sita au saba hana subira ya kunakili sarufi ubaoni. Atacheza, tutake tusitake, na kazi yetu ni kuchagua mchezo.

Tuanze na ule unaopendwa kuliko yote, wa mwalimu kuamuru na watoto kutii: "Stand up", "Touch your nose", "Point to the door". Hoja ya kitaalamu nyuma yake iliwekwa na James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1960 alitetea kwamba lugha ya pili nayo inaweza kuingia kwa njia ile ile ya lugha ya kwanza. Mtoto mchanga husikia njoo, kaa, shika, acha, na kuzitii amri hizo kwa mwili wake muda mrefu kabla hajaweza kuzitamka. Kwa wiki za mwanzo za darasa la kwanza sijaona njia bora kuliko hii. Hata hivyo, anayesema ni mwalimu peke yake. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: kwa kawaida anayekosea hutolewa. Wa kwanza kutoka ni yule ambaye hakuelewa, yaani yule hasa aliyehitaji kuisikia amri ile mara kumi zaidi. Anakaa pembeni akiwatazama wanaojua wakizidi kujua. Mimi nashauri asitolewe mtu. Anayekosea achukue kokoto moja na abaki mchezoni, na raundi ikiisha, mwenye kokoto nyingi ndiye atoe amri tatu zinazofuata, huku mwalimu akimnong'oneza anapokwama.

Kisha kuna hesabu ambayo kila mwalimu wa darasa kubwa anapaswa kuipiga. Kipindi kina dakika 40, darasa lina wanafunzi 80. Ukimwinua mmoja mmoja, kila mtoto anapata sekunde 30, na hapo hujaandika hata tarehe ubaoni. Ndiyo maana tunakimbilia kuitikia kwa pamoja. Lakini sauti ya darasa zima humficha asiyesema. Wagawe wawili wawili kwa dakika kumi tu, na kila mmoja atapata kama dakika tano za kusema, mara kumi ya zile sekunde 30. Dawati halihamishwi, wala hakuna zana ya kununua.

Wakishakaa wawili wawili, wape kokoto tano. Mmoja anaficha kadhaa kiganjani, mwingine anauliza: "Have you got three?" "No, I haven't." "Have you got four?" "Yes, I have!" Akipatia, zamu inahama. Ndani ya dakika chache mtoto ametamka muundo mmoja wa sentensi mara nyingi kuliko atakavyouandika kwenye daftari wiki nzima, na kila mara ana sababu ya kuutamka, kwa kuwa anataka kujua kilichomo kiganjani na hawezi kujua bila kuuliza. N. S. Prabhu, aliyeongoza mradi wa kufundisha Kiingereza katika shule za kusini mwa India kuanzia 1979 hadi 1984, aliitambua kazi ya aina hii kuwa ya pengo la taarifa: mmoja ana jambo, mwingine hana, na lugha ndiyo daraja pekee. Pengo hilo unaweza kulitengeneza kwa karibu chochote. Watoto wawili wakae mgongo kwa mgongo, mmoja achore nyumba, mti na mbuzi, kisha amweleze mwenzake achore vivyo hivyo. Wakimaliza walinganishe michoro. Mbuzi akitokea juu ya paa, wote wawili watajua ni neno gani halikueleweka, bila mwalimu kusema kitu.

Mchezo ukinoga, Kiswahili kitatoka. Zamu yangu! Umechungulia! Tena! Walimu wengi huona hapo kipindi kimeharibika. Mimi naona hayo ndiyo maneno ya kufundisha kabla ya mchezo kuanza: "My turn", "You looked!", "Again". Mtoto anayepigania zamu yake kwa Kiingereza anakitumia kwa jambo lililo lake, na hiyo ndiyo lugha inayobaki. Kumwadhibu kwa Kiswahili chake ni njia tuliyokwisha kuiona mwisho wake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya ukoloni walivyochapwa au kuvalishwa kibao cha aibu kwa kukutwa wakisema Kigĩkũyũ. Mtoto aliyejifunza Kiingereza kwa woga hujifunza zaidi ya yote kunyamaza. Kwenye mchezo, kosa linagharimu kokoto, na kokoto inarudishwa.

Michezo ya sikio nayo tunaipuuza mno. Mtoto wetu ndio kwanza amejifunza kusoma Kiswahili, ambacho herufi zake hazimdanganyi. Mwoneshe "make" limeandikwa, naye atasoma ma-ke, na ana haki. Kwa hiyo darasa la kwanza na la pili tumia picha na vitu halisi, maandishi yaje baada ya sikio kuzoea. Piga makofi kwa kila silabi: "book" ni kofi moja, lakini sikio la Kiswahili litapiga mawili, bu-ku. Au teua kuta mbili za darasa, moja ya "ship" na nyingine ya "sheep". Taja neno, na safu za madawati, moja baada ya nyingine, zinyooshe mikono kuelekea ukuta wake. Kiswahili kina irabu tano tu, na tofauti hiyo haisikiki mpaka sikio lifundishwe kuitafuta.

Makosa usiyakatize katikati ya mchezo. Yaandike pembeni, chagua mawili yaliyojirudia, yafanyie kazi dakika tano za mwisho. Kelele zitakuwepo, kwa hiyo kubaliana na watoto mapema mpigo wa makofi wanaoujibu kwa kunyamaza, mweleze mwalimu mkuu unachofanya, na hali ya hewa ikiruhusu toka nao nje kivulini. Kwenye andalio la somo usiandike tu "mchezo". Andika sentensi ambayo kila mtoto atalazimika kuitamka ili aucheze, na mthibiti ubora akija atakuwa na kitu cha kupima.

Wewe mwenyewe unaweza kupima hata leo. Mchezo ukiwa umekolea, nenda ukasimame nyuma ya mtoto mkimya kuliko wote darasani, hesabu amefungua kinywa mara ngapi kwa Kiingereza ndani ya dakika tano, na uiandike idadi hiyo uilinganishe na ya wiki ijayo.