Mwembe wa Mbagala Katika Baridi ya Makete

Ukipita kando ya barabara za Kinondoni au Temeke, katika jiji la Dar es Salaam, utaona vitalu vya miche vimepangwa hata juu ya mitaro: miembe, mipapai, michungwa, kila mche katika kiriba chake. Kila Desemba wana wa bara wanaorudi kwao kwa sikukuu hununua miwili mitatu, wakapanda nayo basi. Kama kwenu ni Kilosa, hakuna neno. Bali kama kwenu ni Makete, Njombe, au sehemu za juu za Lushoto, tafadhali nisikilize kabla hujatoa fedha yako.

Namjua mama mmoja, mzaliwa wa Mbagala. Mumewe alipostaafu walihamia kwao mume, katika kijiji kimoja cha Makete. Moyo wa mama huyu ulikuwa bado pwani, akachukua miembe minne na mipapai mitatu. Wakati wa mvua miche ilishika vizuri sana. Asubuhi moja ya Julai aliikuta yote imekuwa myeusi, kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Na jana yake jirani alikuwa amesimama pale akiisifu! Basi maneno yakaanza: ni jicho la husuda. Mwaka mzima nyumba zile mbili hazikuazimana hata chumvi.

Jirani hakuwa na kosa lolote. Mambo yenyewe ni haya. Kila ukipanda juu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, baridi huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai huko Temeke joto hushuka hadi nyuzi 18, na watu wa pwani hujifunika shuka wakilalamika. Katika kijiji kilicho mita 2,000 juu, toa nyuzi 12, zinabaki 6. Tena usiku usio na mawingu wala upepo, majani hupoa kuliko hata hewa yenyewe, na umande huganda juu yake. Ndiyo sakitu hiyo. Maji yaliyo ndani ya jani huganda nayo, yakapasua nyama ya jani. Jua likichomoza jani hulegea na kuwa jeusi kama mchicha uliochemshwa. Mwembe mkubwa waweza kuvumilia kidogo. Mche mchanga hauna nguvu hiyo.

Wazungu walilijua jambo hili zamani. Huko Uingereza, katika karne ya 18, matajiri walikuza mananasi ndani ya nyumba za vioo, wakitumia pia samadi ya farasi kuyapasha joto, maana samadi ikioza hutoa joto. Mwaka 1848 ilimalizika kujengwa kule Kew, karibu na London, nyumba kubwa ya chuma na vioo kwa ajili ya minazi na mitende, ikipashwa moto kwa mabomba ya maji ya moto. Mimi na wewe hatuna vioo hivyo, lakini samadi tunayo, na ukuta tunao.

Ukitaka mpapai katika nchi ya baridi, upande karibu na ukuta wa matofali, upande wa kaskazini. Kwa nini kaskazini? Kwa sababu mwezi wa Juni na Julai jua letu hupita upande huo, ukuta hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Usipande bondeni, kwa kuwa hewa ya baridi hutiririka kama maji ikakusanyika huko, panda mteremkoni. Mwagilia udongo mchana, maana udongo wenye maji hutunza joto kuliko ule mkavu. Jioni simika vijiti, tandika gunia juu yake bila kugusa majani, na asubuhi ulitoe. Hata hivyo sikudanganyi: papai la baridi hukawia kuiva, na utamu wake si ule wa pwani. Mwembe nao, kwa mita 2,000, ni afadhali kuuacha.

Parachichi ni habari nyingine. Mbegu uliyotema Temeke mara nyingi ni ya aina ya pwani, inayoogopa baridi. Tafuta huko huko kwenu mche uliobebeshwa wa aina ya milimani. Njombe leo wanauza maparachichi yao hadi nchi za ng'ambo. Pasheni nyeusi nayo hupenda milima kuliko ile ya njano.

Lakini tunda ninalolisifu zaidi ni nanasi. Kata majani yake ya kichwani pamoja na kipande kidogo cha tunda, yaache yakauke siku chache, kisha yapande katika debe lililotobolewa chini. Debe hubebeka! Mchana liko juani, usiku liko jikoni karibu na mafiga.

Mama yule wa Mbagala alifanya hivyo. Alingoja miaka mitatu na zaidi, watoto wakimcheka kwa kulaza debe ndani kama kuku. Nanasi lilipoiva halikuwa kubwa, lakini jiko zima lilinukia. Alilikata, akapeleka kipande kwa jirani yule, na chini ya sahani aliweka chipukizi moja la kupanda. Jirani aliuliza debe lapatikana wapi.