Aliomba Baiskeli, Hakuomba Mkate

Leo nataka kwanza kukiri kosa langu mbele yenu, kisha niwasimulie habari za mtu aliyenifumbua macho.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kupokea michango na kutoa stakabadhi. Mwaka jana mama mmoja wa kijiji chetu alikuja ofisini. Ana mtoto wa kiume wa miaka 13, ambaye mguu wake mmoja ulikatwa alipokuwa mdogo. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unajua kuandika. Mwandikie mwanangu barua kwa hiyo simu yako, huenda watu wa mbali wakatuonea huruma."

Nikaenda kwao. Nikampiga mtoto picha akiwa ameketi chini penye vumbi, kaptula imechanika. Ndani alikuwa na shati safi, na aliomba alivae, lakini mimi nilimkataza. Nilidhani kwamba picha ya kuliza ndiyo iletayo fedha. Nikaitia maneno ya majonzi, nikaituma katika kundi la simu la wanaparokia na vijana wetu wakaao mijini. Kwa siku 3 tulipata shilingi 86,000. Nikajiona mtu hodari.

Siku ya 4 mtoto hakwenda shule. Wenzake walikuwa wameiona ile picha, wakaanza kumwita "Ombaomba wa simu." Mama yake hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, fedha tumezipata, ila mtoto amejifungia ndani."

Neno hilo lilinichoma kuliko matusi. Basi nikaanza kuuliza na kusoma: je, wenzetu wanaochangisha fedha kwa ajili ya watu wenye ulemavu huombaje? Ndipo nilipokuta habari za Emmanuel wa Ghana.

MTOTO WA MAMA COMFORT

Emmanuel Ofosu Yeboah alizaliwa nchini Ghana mwaka 1977. Mguu wake wa kulia haukuumbika sawasawa. Baba yake aliiacha nyumba. Wengi huko waliuhesabu ulemavu kuwa laana, na mama yake, aliyeitwa Comfort, alishauriwa aachane na mtoto huyo. Mama akakataa katakata. Akamlea, akampeleka shule, akamfundisha kwamba riziki hutafutwa, haingojwi.

Shuleni watoto wengine hawakutaka kucheza naye. Emmanuel akajiwekea akiba, akanunua mpira. Kisha akawaambia wenzake, "Mpira huu tutaucheza wote, lakini na mimi nicheze." Wakakubali, maana mpira walikuwa hawana, naye akacheza kwa magongo. Tazameni akili ya mtoto huyo! Hakusema, "Nioneeni huruma." Alileta kitu, akadai nafasi.

Alipokua kidogo alikwenda mji wa Accra, akafanya kazi ya kung'arisha viatu. Walemavu wengi mjini walikaa njiani wakiomba. Yeye akashika brashi. Mwaka 1997 mama yake alifariki dunia. Emmanuel akaazimia jambo moja: kuwaonyesha watu wa Ghana kwamba mlemavu anaweza. Akawaza kuizunguka nchi kwa baiskeli, akikanyaga kwa mguu mmoja.

Lakini baiskeli hakuwa nayo. Basi akaandika barua kwa mfuko mmoja wa California, Marekani, uitwao Challenged Athletes Foundation, unaowasaidia wanamichezo wenye ulemavu wa viungo. Katika barua hiyo hakuomba mkate wala nguo. Aliomba baiskeli, akaeleza kazi atakayoifanya nayo. Wakampelekea.

Mwaka 2001 Emmanuel akasafiri kwa baiskeli hiyo kilometa 610 hivi ndani ya Ghana. Alivaa fulana yenye neno "Pozo," ndilo neno la kwao la kumwita mlemavu. Tusi lile lile akalitia kifuani, akapita nalo vijijini na mijini, watu wakitoka kumtazama.

FEDHA ZA BAISKELI ZILITOKA WAPI?

Sasa msomaji atauliza: mfuko huo ulipata wapi fedha hata ukaweza kumpelekea baiskeli mtu usiyemjua, ng'ambo ya bahari? Hapo yafaa tumjue mtu mwingine, Jim MacLaren.

Jim alikuwa kijana wa Kimarekani aliyesoma Chuo Kikuu cha Yale na kucheza mpira wa Kimarekani. Mwaka 1985, akiwa juu ya pikipiki katika jiji la New York, aligongwa na basi. Mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Alipopona akajifunza upya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mguu wa bandia. Alikimbia mbio ndefu za marathoni, yaani kilometa 42, kwa muda wa saa 3 na dakika 16. Wengi wenye miguu miwili hawafiki hapo.

Mwezi Juni mwaka 1993 alikuwa katika mashindano huko California, akiwa juu ya baiskeli, gari likaingia katika njia iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya wanamichezo, likamgonga. Safari hii alivunjika shingo, akapooza mikono na miguu. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Rafiki zake hawakukaa kulia tu. Mwaka 1994 waliandaa mashindano huko San Diego, ya kuogelea, baiskeli na mbio, ili kukusanya dola 25,000 za kumnunulia gari lililotengenezwa maalumu, apate kujitegemea. Zikapatikana dola 49,000. Siku hiyo wanawake 3 waliokatwa miguu, waliokuja kushindana kwa heshima ya Jim, wakawaeleza wenye mashindano shida yao: bima ya afya hulipia mguu wa kutembelea, lakini mguu wa kukimbilia hailipii, ikisema ni anasa. Basi rafiki za Jim wakaona kazi haijaisha. Mwaka 1997 wakauandikisha mfuko rasmi. Tangu hapo umekwisha kusanya zaidi ya dola milioni 100.

KWA NINI VIFAA HIVI NI GHALI?

Pengine msomaji atasema, "Mguu ni mguu, kwa nini mwingine uwe wa anasa?" Sivyo. Mguu wa kawaida wa bandia umetengenezwa kwa kusimama na kutembea. Ukikimbia nao, hauna mrudisho, nao huumiza kigutu. Mguu wa kukimbilia hauna kisigino. Ni ubao mwembamba wa nyuzi za kaboni uliopindwa kama upinde. Mkimbiaji akikanyaga, upinde hujikunja. Akiinuka, hufyatuka na kumsukuma mbele. Aliyeanzisha miguu ya namna hii ni Mmarekani Van Phillips, naye mwenyewe alipoteza mguu mwaka 1976.

Tena, sehemu inayoshika kigutu lazima ipimwe kwa kila mtu peke yake, kama mshonaji apimavyo koti. Mtoto akikua, kipimo hubadilika, hapana budi itengenezwe nyingine. Kwa hiyo mguu mmoja wa kukimbilia hugharimu maelfu ya dola. Kiti cha mbio nacho si kiti cha hospitali: kina magurudumu 3, mawili makubwa yaliyoinama ndani kwa juu na moja dogo lililo mbele kabisa. Hicho nacho hupimwa kwa mwili wa mwenyewe.

KAPU LILILOFUNGULIWA KATIKA INTANETI

Zamani waliokwenda kushindana San Diego walichangisha kwa barua na kwa kugonga milango. Siku hizi kazi kubwa hufanyika katika intaneti. Taratibu yake ni hii. Mtu anayetaka kusaidia hujiandikisha kukimbia au kuendesha baiskeli. Hufunguliwa ukurasa wake mwenyewe, akaweka jina lake, picha yake, kiasi anachokusudia kukusanya, na sababu ya kufanya hivyo. Kisha huwaandikia ndugu, rafiki na wafanyakazi wenzake. Kila anayetoa huona fedha zimefika ngapi na zimebaki ngapi. Fedha zenyewe huenda moja kwa moja kwenye mfuko, haziingii mfukoni mwa mchangishaji. Kisha wanamichezo wenye ulemavu huomba mfuko msaada wa vifaa, wa mafunzo, au wa nauli ya kwenda mashindanoni.

Mkitazama vizuri mtaona kwamba jambo hili si geni kwetu. Ni daftari letu la michango ya harusi na misiba, ila limefunguliwa ambapo watu wa mbali wanaliona. Nchini Kenya uko mtandao uitwao M-Changa, ulioanza mwaka 2012, ambao hufanya kazi kama hiyo, na watu huchangia kwa simu zao. Kwetu Tanzania fedha za simu zimekuwako tangu mwaka 2008. Hata bibi aliyeko shambani aweza kutuma shilingi 1,000.

Katika habari hizi nimejifunza mambo 4, nami nawapa.

La kwanza, ombeni kitu kimoja kinachojulikana. Gari la Jim, baiskeli ya Emmanuel. Anayeombwa "msaada" tu hajui atoe ngapi wala lini imetosha.

La pili, anayeomba awe mtu anayejulikana na wale anaowaomba. Watu humpa yule wamjuaye. Ukipokea ombi la mtu usiyemjua, uliza kwanza, wala usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Wezi nao wana simu.

La tatu, toeni hesabu. Andikeni kilichoingia na kilichotoka, mkisome mbele ya watu. Mchango usio na hesabu huwa wa mwisho.

La nne, ndilo nililolikosea mimi: mwenyewe aulizwe. Picha ni yake, habari ni yake, uso ni wake. Fedha inayopatikana kwa kumwaibisha mtu humwinua mkono mmoja na kumwangusha kwa wa pili.

MWISHO WA SAFARI ZAO

Mwaka 2002 mfuko ule ulimwalika Emmanuel California. Akaendesha baiskeli katika mashindano yale ya San Diego, kilometa 90, kwa mguu mmoja, akatumia muda wa saa 7 hivi. Mwaka 2003 madaktari wa Loma Linda, huko huko California, waliukata ule mguu usiofaa, wakamtengenezea wa bandia. Akarudi katika mashindano mwaka huo huo, safari hii akitumia muda wa saa 4 hivi. Baadaye alianzisha mfuko wa kuwasomesha watoto walemavu wa Ghana. Mwaka 2005 yeye na Jim MacLaren walipewa pamoja tuzo ya ushujaa ya Arthur Ashe. Mwaka 2006 Bunge la Ghana lilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu, jambo ambalo Emmanuel alikuwa amelipigania pamoja na wengine. Jim alifariki mwaka 2010, akiwa na miaka 47. Gari la mtu mmoja lilikuwa limezaa yote hayo.

Nami nilirudi kwa yule mtoto. Nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, bila kunitazama.

Nikamwitikia, nikamwomba radhi. Kisha nikamwuliza neno ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza: "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Alinyamaza kitambo, akajibu, "Nataka magongo ya chuma chepesi, kama ya Tembo Warriors. Haya ya mti yanateleza."

Sikujua aliyapata wapi hayo. Kumbe amesikia redioni. Tembo Warriors ni timu yetu ya taifa ya mpira wa miguu ya watu waliokatwa viungo, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia huko Istanbul, Uturuki, mwaka 2022. Wachezaji wa ndani hucheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, na mlinda lango ni mtu mwenye mkono mmoja. Mtoto alikuwa ameyajua yote, na sisi tulikuwa tukimpiga picha ya vumbini.

Tukaandika upya, yeye akisema, mimi nikiandika. Picha alichagua mwenyewe: amesimama, amevaa shati lake safi, mpira uko mbele yake. Safari hii fedha hazikuja kwa siku 3. Zilichukua majuma 5, elfu kwa elfu. Lakini magongo yalinunuliwa, na stakabadhi nilizisoma kanisani wakati wa matangazo, moja moja. Mguu wa bandia bado. Gharama yake ni kubwa, na daftari lake liko wazi ofisini.

Shuleni amerudi. Liko bado duka moja ambalo hapiti mbele yake, kwa kuwa hapo ndipo walipoanzia kumwita lile jina. Huzunguka njia ya kisimani. Hilo ni deni langu, wala halilipwi kwa simu.

Basi, wazazi, ikiwa ndani ya nyumba yenu mna mtoto mliyemficha, mtoeni nje, mkamwulize anachotaka kufanya. Kisha njoni tuandike.