Bwawa Dogo la Amani na Tarikhi Iliyolizunguka

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya Muheza, akaikwea milima ya Usambara Mashariki hadi Amani, penye kimo cha mita 900 hivi juu ya bahari, hulikuta ndani ya msitu bwawa dogo lililofanywa na mikono ya wanadamu, ambalo wapitao kwa haraka hulidharau kwa uchache wa maji yake, lakini mwenye kamera na subira haoni urahisi wa kuliacha.

Wakati bora wa kulipiga picha ni asubuhi na mapema, ukungu ungali umelala juu ya maji, kwani jua la adhuhuri hupenya majani na kutia mabaka yaharibuyo taswira. Nilipoiinamisha kamera karibu na uso wa maji nilimwona chura mdogo, hapati urefu wa kidole gumba, ameng'ang'ania tete, koo lake likipwita. Wapo katika milima hii vyura watagao mayai juu ya majani yaliyoinamia maji, ili viluwiluwi wakitoka waangukie bwawani.

Ama mazingira ya bwawa yana tarikhi kubwa. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliasisi Amani chuo cha utafiti wa kilimo na viumbe, kikazungukwa na bustani ya miti ya majaribio iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Reli nyembamba ilifika hadi stesheni ya Sigi, na nyumba ya mbao ya stesheni ile ingali imesimama, nayo yastahili picha yake. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliirithi kazi hiyo, hata mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya. Elimu ile iliacha manufaa, lakini iliacha madhara pia: msizi, mti mgeni, ulitoroka mashambani ukaenea msituni na kuisonga miti ya asili.

Kwa hiyo apigaye picha ya maji peke yake amepiga nusu ya habari. Majani huupunguza ukali wa mvua, udongo wenye mboji huyanywa maji na kuyatoa kidogo kidogo, na kwa fadhila hiyo mto Sigi hutiririka hadi bwawa la Mabayani, linalowanywesha watu wa Tanga. Hifadhi iliyotangazwa hapa mwaka 1997 yalinda, basi, mtungi wa mji mzima.

Nawasihi wenye kamera, hasa vijana wa Tanga, waende Amani, na kila picha waiandikie mahali, tarehe na jina la mti, maana picha yenye maelezo hayo ni shahidi adili, atakayewaambia wajao msitu ulikuwa umefika wapi, na ni nani aliyeurudisha nyuma.