Picha za Sinema Zilizosahauliwa

Ndugu msomaji wa Karagwe na Kyerwa, bila shaka unalijua banda la video. Unalipa kiingilio, unakaa kwenye benchi, unatazama watu wa nchi za mbali wakipigana. Si vibaya. Lakini je, unajua kwamba hapa nchini picha za sinema zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima tangu mwaka 1935?

Mwaka huo Waingereza walianza kazi hiyo huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Kiongozi wao alikuwa Meja Notcutt. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza picha 35. Waafrika ndio walioigiza. Picha zilipakiwa katika lori pamoja na mashine yake. Lori lilifika mahali, kitambaa cheupe kikatundikwa, giza likaingia, watu wakakusanyika. Maneno hayakuwa ndani ya picha. Yalikuwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemwa kwa lugha nyingi. Ni kama kazi aliyokuja kuifanya Lufufu, aliyeeleza filamu za kigeni kwa Kiswahili.

Katika zile 35 zimesalia tatu tu. Zimehifadhiwa Uingereza. Moja inaonyesha mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Nyingine ni ya mafunzo ya kutibu mifugo. Ya tatu ni ya safura, ule ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Mimi bwana shamba naipenda hii ya tatu, kwa maana bado tunaingia migombani miguu mitupu, na nyumba nyingine hazina choo cha maana.

Hata hivyo, zitazame kwa uangalifu. Zilitengenezwa wakati wa ukoloni. Mara nyingi Mwafrika ni mjinga na mzungu ni mwalimu. Babu zetu wa Kagera walitafuna kahawa kabla ya mkoloni kufika. Hawakungoja sinema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikatoka Muhogo Mchungu, kwa Kiswahili. Ni habari ya mtu wa shamba aliyekwenda Dar es Salaam. Unajua nani aliyeigiza? Ni Rashidi Kawawa, wakati huo mtumishi wa serikali. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu!

Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Ikatengeneza Fimbo ya Mnyonge, ya mwanakijiji anayekimbilia mjini, mji ukamshinda, akarudi. Kama mwanao anataka uuze kipande cha shamba apate nauli, mtazame pamoja naye. Atakubishia, maana picha hiyo inahubiri Ujamaa mno. Mwache abishe.

Ninayoiona bora kuliko zote ni Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985. Ni fupi, haifiki saa nzima. Mariamu anaumwa, hospitali haimponyi, naye anawaogopa waganga wa jadi tangu utotoni.

Ukiwa na mzee nyumbani aliyezaliwa kabla ya mwaka 1950, muulize kama aliiona sinema ya gari. Andika jina la picha, mahali ilipoonyeshwa, na kama maneno yalikuwa ya Kiswahili au Kinyambo. Fanya hivyo mwezi huu, maana wazee hao wanapungua.